Winchi ya Mwalimu Gelasius

Siku ya pili tangu gari la mkewe lilale kwenye mpunga wa watu kule Busale, Mwalimu Gelasius Komba aliamka na uso wa mtu aliyepata jibu. Alipiga mswaki huku akiimba. Eufrasia, mkewe, aliyekuwa akipepeta mchele uani, aliinua macho, akamtazama kidogo, akaendelea kupepeta.

"Mama Erick," Gelasius alisema, povu likiwa bado mdomoni, "nimeshajua."

"Umeshajua nini?"

"Gari linatokaje."

"Lingekuwa limeniuliza mimi kabla ya kuingia, lisingekuwa na haja ya kutoka," alisema Eufrasia. "Nina vyungu themanini Matema vinanisubiri. Mwenye hoteli kule Mbeya anavitaka Jumatatu. Leo Alhamisi."

Gari lilikuwa la Eufrasia, na hilo halikuwa na ubishi, maana jina kwenye kadi lilikuwa lake. Alilinunua kwa vyungu. Wanawake wa Ikombe walifinyanga, mitumbwi ikavileta Matema, naye akavipanga ndani ya gari lake dogo la kijivu, kimoja kimoja, akivitenganisha kwa majani makavu ya migomba, hadi Tukuyu, hadi Mbeya. Gelasius aliruhusiwa kuliendesha kwa safari fupi zenye sababu. Jumanne alipewa sababu: aende Busale akanunue mchele. Alirudi nyumbani kwao Bondeni nyuma ya bodaboda, suruali imejaa tope hadi magotini, mchele hana, na maneno mawili tu mdomoni: "Breki zimekataa."

Breki za watu hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa na shahada ya ualimu. Pale Busale maji ya mto yalikuwa yamepanda yakakata barabara, na wanaume kama sita hivi walisimama na miamvuli yao wakingoja yapungue. Dereva mmoja wa bodaboda alimwambia kwa upole, "Mwalimu, na hako kagari hapo hupiti." Gelasius angeweza kuvumilia kila kitu isipokuwa hako. Alishusha kioo akawaeleza wote sita kwamba mwendo ukitosha, maji hayapati nafasi ya kumzuia mtu. Akafunga kioo, akakanyaga mafuta. Katikati ya maji gari liliinuka kama mtu anayejigeuza kitandani, likazunguka, likateremka tuta kinyumenyume na kukaa kwenye mpunga uliokuwa umeshaanza kuinamisha masuke, pua ikiitazama barabara. Wale wanaume hawakucheka. Walikunja miamvuli wakaja kumtoa mlangoni.

Sasa lilikuwa huko kwa siku ya pili. Aliko, fundi wao wa mjini, alipoelezwa kwenye simu alisema jambo moja: gari ni la otomatiki, lisiburutwe kwa kamba barabarani, giaboksi itakufa, lipandishwe kwenye trela aletewe. Mwenye shamba, mjane mmoja aliyeitwa Mama Ambwene, naye alisema jambo moja. Alipoambiwa kwamba trekta linaweza kuingia likalitoa, alijibu, "Trekta likiingia humu, mimi mwaka huu nitavuna matairi." Kwa hiyo trela lisimame juu ya tuta, gari livutwe kwa njia ile ile lililoingilia. Na livutwe upesi, kwa sababu mvua ilikuwa bado inanyesha milimani na mto ulikuwa haujamaliza.

"Winchi," alisema Gelasius, akisukutua. "Hicho ndicho kitu."

"Unazijua winchi?"

Mwalimu alimtazama mkewe kwa huruma. Miaka kumi na saba alikuwa akifundisha mashine rahisi.

*

Katika duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, aliyesimama nyuma ya kaunta alikuwa Catheline, mwanamke wa miaka thelathini hivi, kalamu imechomekwa kwenye kilemba. Alikuwa amepita mikononi mwa Gelasius kidato cha nne. Fizikia alipata F, na kwenye ripoti yake mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: *Ajaribu fani nyingine.* Alijaribu. Sasa duka zima, pampu, mashine za kukoboa na minyororo, lilikuwa chini yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Catheline. Nataka winchi. Ya kupandisha gari kwenye trela."

"Gari limesimama au limekwama?"

Gelasius alitabasamu. "Kwa upande wa fizikia, Catheline, yote mawili ni kutulia."

Catheline hakubishana. Aliweka winchi tatu kwenye kaunta. Ya kwanza ilikuwa ndogo, nyekundu, ya kuzungusha kwa mkono. Wavuvi wa Matema huinunua kwa kuvutia mitumbwi ufukweni, alisema. Inavuta kilo mia tano na hamsini. Ya pili nayo ya mkono, lakini nene, na ndani ina breki: ukiiachia, mzigo unabaki pale pale. Ya tatu ilikuwa ya umeme, inakula betri ya gari linalovuta trela, nayo inavuta tani mbili. Mtu anasimama mbali na kubonyeza vitufe.

Gelasius aliomba kipande cha karatasi. Akapewa karatasi ya mfuko wa saruji. Akachora pembetatu, akachora na gari juu yake, dogo, lenye magurudumu mawili. Gari kilo elfu moja na mia moja. Mwinamo wa mbao za kupandia trela, moja kwa nne. Akagawa.

"Mia mbili sabini na tano," alitangaza, na wateja wawili waliokuja kununua misumari wakageuka. "Hii ndogo ina nguvu mara mbili ya zinazohitajika. Huko kwingine ni kupoteza fedha."

Catheline aliinamia karatasi, akaisoma yote. "Tope umeliweka wapi, mwalimu?"

"Tope?"

"Hapa sijaliona."

"Hilo linaingia kwenye msuguano. Msuguano kwa kawaida tunaupuuza."

"Sisi hapa dukani hatuupuuzi," alisema Catheline. Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayekuonyesha mlango wa kutokea. "Pakavu, chukua uzito wa gari uongeze nusu yake, ndiyo winchi yako. Kwenye tope nenda mara mbili. Na hii ndogo haina breki. Ina meno, na ulimi mdogo wa kuyazuia. Ulimi ukiteleza na mzigo uko juu, huu mkono unazunguka kama pangaboi."

Wateja wa misumari walikuwa wakisikiliza. Laiti wangekuwa wameshaondoka, pengine Gelasius angeuliza swali. Lakini walikuwepo, na mbele yao alikuwepo mwanafunzi wake wa F. Na bei nayo iliiunga mkono fizikia, maana ile ndogo ilikuwa robo ya bei ya ile ya umeme. Alilipa. Akaibeba kwapani kama Biblia.

*

Saa nane mchana Dickson aliliegesha trela lake juu ya tuta la Busale. Dickson alikuwa mtu wa maneno machache aliyekuwa na pikapu na trela la chini la kubebea pawatila za kulimia, na alikuwa ameshabeba vitu vingi kutoka sehemu nyingi mbaya. Aliifunga winchi kwa bolti mbele ya trela, akaitikisa, akaitazama, akamtazama Gelasius.

"Ni hii?"

"Ni hiyo."

"Haya," alisema Dickson, akaenda kuketi kwenye kivuli cha pikapu.

Wale wanaume wa miamvuli walikuwepo. Maji barabarani yalikuwa yameshapungua, hawakuwa na sababu ya kuwepo, lakini walikuwepo. Mama Ambwene alisimama chini shambani, mwanamke wa miaka kama sitini, khanga imefungwa kifuani, miguu imezama tope hadi kwenye vifundo. Alikuwa amechomeka vijiti kuzunguka mpunga uliolazwa, kimoja kila upande.

"Ugonile, mama," alisalimia Gelasius, kwa Kinyakyusa chake cha mtoto wa miaka mitano.

"Ndaga," alijibu. Akaonyesha kijiti cha nyuma ya gari. "Mwisho wa kuharibu ni hapa."

"Hatutafika hapo, mama. Tunakwenda mbele tu."

Alishuka mwenyewe, akaifunga ndoano kwenye pete ya chini ya bampa, akapanda, akashika mkono wa winchi, akaanza. Ka, ka, ka. Waya ukanyanyuka kutoka kwenye tope, ukanyooka, ukakaza, ukaanza kulia kwa sauti nyembamba. Gari likatikisika. Likaja kiasi cha shibiri moja, na mmoja wa watu wa miamvuli akasema, "Eee!"

Hapo ndipo alipoharibu. Alisimama ili aeleze. Kwa mkono mmoja ameshika winchi, kwa mwingine akiwaonyesha jinsi gurudumu kubwa linavyobadilishana nguvu na gurudumu dogo. Walisikiliza kwa adabu. Aliporudi kuzungusha, mkono ulikuwa umekuwa mgumu. Akaweka mguu mmoja kwenye chuma cha trela. Akaweka na wa pili. Akaning'inia pale mzima mzima, mwalimu wa daraja la juu, akihesabu kimoyomoyo kilo zake sabini na mbili ambazo nazo hakuwa ameziweka kwenye karatasi.

Ulimi uliteleza.

Mkono wa winchi ulimpiga kwenye kifundo cha mkono mara ya kwanza na kwenye kiwiko mara ya pili. Mara ya tatu hakuwepo tena, alikuwa ameketi barabarani. Waya ukafyatuka wote. Gari, lililokuwa limeinuliwa kidogo kwenye mteremko wa tuta, lilirudi kinyumenyume bila haraka, likapita mahali lilipokuwa, likapita kijiti, likaingia kwenye mpunga mpya uliokuwa umesimama vizuri. Ulisikika ukivunjika chini yake.

"Mwalimu," mmoja aliita kutoka kwenye miamvuli, "ongeza mwendo!"

Safari hii walicheka. Gelasius naye alicheka, kwa kuwa hakuona kitu kingine cha kufanya na uso wake. Kisha akamwona Mama Ambwene. Alikuwa hacheki wala hagombi. Alipita kando ya gari, akakizamisha kiganja kwenye tope mpaka akakipata kile kijiti, akakisuuza kwenye maji, akaenda kukichomeka nyuma zaidi, pale uharibifu mpya ulipokomea. Akakigonga kwa ngumi kikakaa sawa.

*

Jioni Eufrasia aliukalisha mkono wa mumewe kwenye beseni la maji moto ya chumvi. Gelasius alisimulia. Alikuwa msimulizi mzuri wa aibu zake ndogo; ilikuwa namna yake ya kuwahi kabla wengine hawajamsimulia. Alisimulia karatasi ya saruji, alisimulia pangaboi, alisimulia alivyoning'inia kama popo, na Eufrasia alicheka hadi akajifuta macho kwa pindo la kitenge. Kisha Gelasius akasimulia kijiti, na kicheko kikaisha.

"Mpunga wa huyo mama umeharibika kiasi gani?"

"Sijui hasa."

"Mpunga wa kwanza na huu wa leo. Hatua ngapi?"

"Sikupima, Mama Erick."

"Umepima gari," alisema Eufrasia. "Umepima mbao. Umepima na pembe ya mbao. Mpunga wa mjane ukausahau." Alimtoa mkono kwenye beseni, akaukausha, akaufunga kitambaa, taratibu, kama anavyofunga vyungu. "Si kosa lako peke yako. Breki zikikataa zimekataa. Lakini kesho tunakwenda wote, na utafanya utakachoambiwa."

Gelasius alifungua mdomo. Ilikuwa nafasi nzuri, chumba kimetulia, mke amelainika. Akaufunga. Alijiambia kwamba mkono unamuuma mno kwa mazungumzo marefu.

Asubuhi dukani, Catheline aliipokea ile winchi nyekundu, akautazama mkono wake wa chuma uliopinda, akaiweka chini ya kaunta bila neno. Gelasius alikuwa amejiandaa kwa maneno. Kunyamaza huko kulimchoma kuliko maneno yote aliyoyatayarishia majibu. Eufrasia ndiye aliyezungumza. Gari la uzito huu, tope hadi kwenye bampa, trela liko juu ya tuta, shamba lisiguswe zaidi. Kisha akauliza, "Ingekuwa wewe, ungefanyaje?"

Gelasius alilisikia swali lile likitoka, fupi, la bure kabisa, nusu dakika tu, na akajiuliza kwa nini jana halikumtoka yeye.

"Ningechukua ya umeme," alisema Catheline. "Ya kukodi ipo, mnarudisha jioni. Na kapi. Waya unatoka kwenye winchi, unakwenda kuzunguka kapi lililofungwa kwenye gari, unarudi kufungwa kwenye trela. Unavuta polepole mara mbili, nguvu nazo mara mbili. Na nakuja mwenyewe. Vifaa hivi haviendi bila mtu wa duka."

Alimkabidhi Gelasius kapi alibebe. Lilikuwa la chuma, zito kama mtoto wa mwaka mmoja. Miaka kumi na saba alikuwa amelichora ubaoni, duara na mstari, duara na mstari. Aligundua kwamba hajawahi kulishika.

"Linafungukia wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapo pembeni, mwalimu. Vuta hiyo pini."

Ndani ya pikapu ya Dickson, walipokuwa wamebanana watatu kando ya dereva, Gelasius alikohoa. "Catheline. Ile alama ya kidato cha nne."

"Swali lilikuwa, faida ya kapi ni nini. Nikaandika, linasaidia."

"Linasaidia. Ndiyo. Lakini linasaidia nini? Ulitakiwa ueleze."

"Leo tutaeleza wote," alisema Catheline, na Dickson, aliyekuwa hajasema neno tangu mjini, alicheka peke yake hadi kona iliyofuata.

*

Catheline hakuanza na winchi. Alianza na jembe. Alishuka shambani, akamwamkia Mama Ambwene kwa Kinyakyusa, wakazungumza kidogo, Mama Ambwene akaleta jembe lake mwenyewe, na tope lililokuwa mbele ya magurudumu likaondolewa, mbao fupi zikalazwa mahali pake. Dickson akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya pikapu na ya trela. Akawasha injini ili betri isife. Kapi likafungwa. Waya ulipokaza kidogo, Catheline aliutupia gunia lenye mchanga katikati, ukikatika usiruke. Na watu wa miamvuli akawasogeza hatua ishirini nyuma, wakasogea.

Kilibaki kile kidude chenye vitufe viwili, cha kukaza na cha kulegeza. Gelasius alinyoosha mkono wake mzima. Catheline akampa Eufrasia.

"Wewe, mwalimu, kaa ndani. Gia iwe huru, usukani unyooke. Basi."

Aliingia kupitia dirishani. Ndani kulinuka tope lililolala siku tatu, na kwenye dashibodi alikaa chura mdogo ambaye hakuonyesha nia ya kuhama. Gelasius alishika usukani. Kupitia kioo aliwaona wote juu yake: Dickson, Catheline, mkewe na kile kidude mkononi, kidole kimeinuliwa.

Winchi iliunguruma. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha gari likatoka kwenye tope kwa mlio mzito wa kunyonywa, kama mtoto anayenyang'anywa titi, likapanda mbao fupi, likafika kwenye mdomo wa tuta, likaanza kupanda mbao ndefu za trela. Polepole mno. Gelasius angeweza kuhesabu mafundo ya mbao chini yake. Alihisi furaha isiyo na haki yoyote, maana hakuwa akifanya lolote.

Mbao ya kushoto ikahama.

"Simamisha!" alisema Catheline. Eufrasia akasimamisha. Dickson akasukuma jiwe nyuma ya tairi la nyuma, Catheline akaagiza waya ulegezwe kidogo ili gari likalie jiwe na mbao ipate kunyooshwa. Ukalegezwa. Gari likakalia jiwe. Dickson akainama nyuma ya gari, akiisukuma mbao kwa bega.

Jiwe lilikuwa na tope. Gelasius alilisikia likiteleza kabla hajahisi kitu, na kwenye kioo cha pembeni akauona mgongo wa Dickson, shati la bluu, umeinama.

Kama mtu angemuuliza baadaye, angependa kusema kwamba hakufikiri. Alifikiri. Katika muda ule mdogo alifikiri kwamba akikanyaga, breki zitashika, na mkewe yuko hatua nne mbele anamtazama. Aliliona hilo lote kwa uwazi wa kutisha. Kisha akakanyaga kwa miguu yote miwili.

Pedeli ilikuwa ngumu, injini haikuwa na uhai, lakini gari lilisimama papo hapo. Lilisimama bila kuteleza hata kidole. Chura akaanguka kutoka kwenye dashibodi.

"Toka nyuma, Dickson!" alipiga kelele Catheline, na Dickson akatoka, akajipangusa bega, akasema, "Breki zake ni nzuri sana hizi."

Eufrasia alikuwa akitazama kupitia kioo cha mbele. Mbao ikanyooshwa, jiwe likapanguswa. Kisha akabonyeza kitufe.

Winchi ilikuwa mbele ya trela, na Eufrasia alikuwa amesimama kando ya winchi. Kwa hiyo Gelasius alivutwa kwenda kwa mkewe. Hakuwa na pa kwenda kwingine. Usukani umenyooka, gia huru, shibiri kwa shibiri, uso wa Eufrasia ukizidi kukua kwenye kioo, mpaka akaweza kuona jasho juu ya mdomo wake wa juu. Hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote aliyowahi kusafiri kwa gari lile.

Winchi ikanyamaza. Walikuwa wanatazamana dirishani.

"Zinashika," alisema Eufrasia.

"Zinashika."

"Tangu lini?"

"Siku zote."

"Jumanne?"

"Na Jumanne." Watu wa miamvuli walikuwa wamesogea tena, lakini hakupunguza sauti, hakuona tena faida ya kupunguza. "Waliniambia sipiti. Nilitaka kuwaonyesha."

"Kuwaonyesha nani?"

Gelasius alionyesha kwa kidevu. Eufrasia aligeuka akawatazama wanaume wale, mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza hadi wa sita, nao wakaanza kuichunguza miamvuli yao.

"Hawa?"

"Hawa."

Eufrasia akarudisha uso kwake. Akapitisha kiganja juu ya boneti ya gari lake, akaondoa jani la mpunga lililokauka.

"Breki zingekuwa mbovu ningezipeleka kwa Aliko," alisema hatimaye. "Wewe nitakupeleka kwa nani?"

*

Gari lilifungwa kwa mikanda, magurudumu yote manne. Eufrasia hakumsemesha tena mumewe wakati huo. Alishuka shambani na Mama Ambwene, wakatembea kutoka kijiti hadi kijiti, wakihesabu hatua kwa sauti. Walipatana kwamba siku ya kuvuna, mpunga wa ukanda wa jirani wenye hatua hizo hizo utapimwa kwa debe, na Eufrasia ataleta madebe hayo hayo. Mama Ambwene aliuliza kama ataandika. Eufrasia akasema ataandika, na aliandika, na wote wawili wakatia sahihi juu ya boneti.

"Huu uliovunjika basi tena," alisema Mama Ambwene. "Lakini uliolala tu unaweza kuinuka. Unaukusanya, unaufunga mafungu, unaegemeana wenyewe. Ila iwe leo, mvua ikiukuta chini utaoza. Na mgongo wangu haukubali."

"Mgongo ninao mmoja," alisema Eufrasia, akimwonyesha mumewe kwa kidole. "Huu hapa."

Gelasius alikuwa ameshaukunja mguu wa pili wa suruali kabla hajaambiwa.

Eufrasia alipanda pikapu. Wangemshushia Aliko gari, wangemrudisha Catheline dukani na vifaa vyake, kisha Dickson angenyoosha naye Matema na trela tupu kuchukua vyungu. Hayo walikuwa wameshayapanga wakati wa kufunga mikanda, bila kumwuliza Gelasius, naye aliona ni sawa. Mkewe alitoa kichwa dirishani.

"Chakula kipo kwenye hotipoti. Utakuja na bodaboda." Akaingiza kichwa, akakitoa tena. "Waambie waende polepole."

Trela likaondoka. Wanaume wa miamvuli, walipoona hakuna kitakachopanda wala kuteremka tena, nao wakaondoka. Shamba likawa na watu wawili.

Mama Ambwene alimwonyesha. Unashika mashina manne, matano, unayainua pamoja usiyavunje, unayafunga shingoni kwa jani la mojawapo. Usikaze sana. Fungu la kwanza la Gelasius lilianguka. La pili likaanguka juu ya la kwanza. La tatu alilifunga kwa mkono mmoja na meno, likasimama, akaligeukia kulitazama mara mbili kabla ya kusogea mbele. Maji ya shamba yalikuwa vuguvugu. Baada ya saa nzima aliinuka kunyoosha kiuno, akaona amefika theluthi.

Mama Ambwene, aliyekuwa ameketi kwenye ukingo akimwangalia mikono, alimwuliza, "Mwalimu, shuleni wewe unafundisha nini?"

Lilimjia mdomoni somo la historia, uongo mdogo tu. Lilikuwa karibu sana, lingetoka lenyewe.

"Fizikia, mama."

"Fizikia ndiyo nini?"

Gelasius alikuwa na ufafanuzi wake, ule wa ubaoni, wa miaka kumi na saba. Aliutafuta, akautazama, akauacha.

"Ni somo la kuvuta na kusukuma vitu," alisema.

Mama Ambwene aliutazama mkono wake uliofungwa kitambaa. Akatazama alama mbili za magurudumu zilizoukata mpunga wake hadi barabarani.

"Na wanakulipa?"

"Wananilipa, mama. Kila mwezi."

Mama Ambwene alianza kucheka polepole, tumbo likianza kabla ya mdomo, akacheka mpaka akashika ukingo asiteleze, na Gelasius, akiwa ameshika mashina manne ya mpunga kama mtu aliyeshika mshumaa kanisani, akacheka naye. Kisha akainama, akayafunga, akaenda kwenye mengine.